Kadi imejaa, mbona achanjwe tena? Kuhusu surua, rubela na mtoto asiye na kadi

SWALI: Daktari, mwanangu ana miaka mitatu. Alichanjwa surua na rubela akiwa na miezi 9, akarudia akiwa na miezi 18, na kadi yake ya kliniki ninayo. Kampeni inapokuja, wahudumu wanataka achanjwe tena na hata kadi hawaitazami. Je, dozi ya tatu haiwezi kumdhuru? Halafu, ndui ilikwisha kwa chanjo. Mbona surua ina chanjo miaka mingi na bado ipo? Na hii rubela, ambayo sijawahi kusikia imeua mtu, tunaichanjia nini? Nyumbani ninaishi na mdogo wangu, ambaye ana mtoto wa miezi 14 asiyepata hata dozi moja. Alizaliwa kijijini, kadi ikapotea walipohama, na mama yake anaogopa kwenda kliniki kwa sababu aliambiwa mtoto amepitiliza umri. (Mama na mwalimu, Kahama)

JIBU: Mama, nakushukuru kwa swali lako. Nianze na lile linalokusumbua leo: dozi ya tatu haimdhuru mwanao. Chanjo ya surua na rubela imetengenezwa kwa virusi hai vilivyodhoofishwa. Mtoto anapochomwa mara ya kwanza, virusi hivyo huzaliana kidogo mwilini hadi kinga ya mwili ivitambue na kujifunza kuviangamiza. Mtoto ambaye tayari ana kinga akichomwa tena, kingamwili zake huvizima virusi hivyo kabla havijapata nafasi ya kuzaliana, na mara nyingi kinachobaki ni mkono kuuma kwa siku moja. Ile homa na upele mwepesi ambao wazazi huuona kati ya siku ya 7 na ya 12 hutokea zaidi baada ya dozi ya kwanza, na huwapata watoto wachache katika kila 100. Mzio mkali upo, lakini ni wa nadra sana, takriban mtoto mmoja katika dozi milioni moja, na ndiyo maana mhudumu akikuomba ukae kidogo kituoni baada ya sindano, ni vizuri ukae.

Kuhusu kadi, kuna sababu mbili za kutoitazama, na zote mbili ni za msingi. Ya kwanza utaielewa ukisimama siku ya kampeni chini ya mwembe wa shule, watoto mia tatu wakiwa kwenye mstari. Foleni inayoanza kwa kuuliza "kadi iko wapi?" humrudisha nyumbani mama yule yule tunayemtafuta, aliyepoteza kadi, aliyehama, au aliyewahi kugombezwa kituoni kwa kuchelewa. Kwa hiyo tunamchanja kila mtoto aliye katika umri uliolengwa, ambao katika kampeni ya Tanzania ya Februari 2024 ulikuwa miezi 9 hadi 59, tunampaka wino kidoleni ili asichomwe mara mbili siku hiyo hiyo, na tunaendelea na anayefuata.

Sababu ya pili ni hesabu, na kwa kuwa wewe ni mwalimu nitaifanya yote. Chukua watoto 1,000 waliozaliwa katika wilaya moja mwaka mmoja. Tuseme vituo vya afya vimejitahidi, na 850 kati yao wamepata dozi ya miezi 9. Katika umri huo chanjo hushika kwa takriban watoto 85 katika kila 100. Wale 15 waliobaki hawakukosewa na mtu. Kingamwili walizorithi kwa mama zao zilikuwa bado zimesalia mwilini, zikaviua virusi vya chanjo kabla havijaufundisha mwili lolote. Kwa hiyo waliopata kinga ni kama 720. Walio wazi ni 280: 150 hawakuchanjwa kabisa, na 130 walichanjwa ila haikushika. Dozi ya miezi 18 ikiwafikia watoto 700, itawaokoa kama 100 kati ya wale 130. Bado 180 wako wazi, na 150 kati yao ni wale wale ambao hawakufika tangu mwanzo. Mwaka unaofuata huzaliwa watoto 1,000 wengine, na wengine 180 huongezeka juu ya wale wa kwanza. Ikifika miaka 5 au 6, wilaya hiyo, ambayo takwimu zake kwenye ubao wa mganga mkuu zinapendeza, imekusanya watoto wasio na kinga wanaolingana na uzazi wa mwaka mzima. Nao hawakutawanyika sawasawa kama chumvi kwenye mboga; wamejazana katika kitongoji kimoja cha wafugaji, katika mtaa wa wapangaji wanaohamahama, na karibu na machimbo ya dhahabu kama hayo ya kwenu.

Kadi ya mwanao inasema alichomwa. Haisemi kama ilishika. Baada ya dozi mbili uwezekano wa kuwa amekingwa ni mkubwa mno, takriban 97 katika 100, na mimi nisingekosa usingizi kwa ajili yake. Lakini hakuna mhudumu anayeweza kumtazama usoni akajua kwamba hayumo katika wale 3. Dozi ya ziada haimdhuru yule aliyekwisha kupata kinga, nayo humfaa sana yule ambaye hakupata. Kampeni hurudiwa kila baada ya miaka michache ili lile rundo la watoto walio wazi lipunguzwe kabla halijatosha kuwasha moto.

Na moto huo huwaka haraka. Katika jamii isiyo na kinga, mgonjwa mmoja wa surua huwaambukiza watu 12 hadi 18. Virusi vyake huweza kubaki hewani hadi saa mbili baada ya mgonjwa kuondoka chumbani, kiasi kwamba mtoto anaweza kuambukizwa kwenye benchi la kusubiria na mgonjwa ambaye hawakuonana kabisa. Ndiyo sababu kiwango tunachokihitaji ni cha juu kuliko cha magonjwa mengi: watoto 95 katika kila 100, tena kwa dozi zote mbili, tena katika kila wilaya. Dunia nzima, mwaka 2023, ilifikisha 83 kwa dozi ya kwanza na 74 kwa dozi ya pili.

Hapa ndipo penye jibu la swali lako kuhusu ndui. Ndui ilikuwa ya kutisha, lakini kwa wanaoiwinda ilikuwa na udhaifu. Ilienea polepole kuliko surua, mgonjwa aliambukiza zaidi upele ulipokwisha kujitokeza, na aliyepona alibaki na makovu usoni, kwa hiyo timu ikiingia kijijini iliweza kumtambua mgonjwa, kuwachanja waliomzunguka, na kuufunga ugonjwa hapo. Mgonjwa wa mwisho aliyeambukizwa kwa njia ya kawaida alipatikana Merca, Somalia, mwaka 1977, na mwaka 1980 ulimwengu ukatangaziwa kwamba ndui imekwisha. Mgonjwa wa surua huambukiza kuanzia siku nne kabla ya upele, wakati mama yake anadhani ni mafua na macho mekundu tu, na amekwisha kumpeleka kanisani, msikitini au sokoni. Tukifika na kichupa cha chanjo, surua imekwisha kupita na iko kijiji cha tatu. Haiwezi kufukuzwa kwa nyuma. Lazima ikute mlango umefungwa.

Hata hivyo kutokomezwa kunawezekana, na mfano wake haumo ng'ambo. Wafugaji wa Kisukuma na Kimasai wanaijua sotoka, ugonjwa wa ng'ombe, kwa simulizi za wazee. Virusi vya sotoka na vya surua ni vya ukoo mmoja, na wataalamu wa chembe za urithi wanaamini surua yenyewe ilitokana na virusi vya ng'ombe vilivyohamia kwa binadamu zamani za kale. Sotoka ilipoingia Afrika Mashariki miaka ya 1890 iliua ng'ombe kwa kiasi ambacho kilileta njaa kubwa kwa jamii nzima za wafugaji. Chanjo yake bora ilitengenezwa na Walter Plowright na wenzake pale Muguga, karibu na Nairobi. Mara ya mwisho sotoka kuonekana duniani ilikuwa kwa nyati wa Hifadhi ya Meru, Kenya, mwaka 2001, na mwaka 2011 ikatangazwa kwamba imetokomezwa. Kilichosaidia sana mwishoni ni kwamba chanjo iliboreshwa hadi ikaweza kukaa wiki kadhaa bila jokofu, na wafugaji wenyewe wakafundishwa kuichoma. Ilibebwa begani na kwa miguu hadi kwenye mifugo ambayo gari la serikali halikuwahi kuifikia.

Surua nayo ina sifa zinazotupa matumaini. Haiishi kwa mnyama yeyote mwituni inakoweza kujificha. Inamtegemea binadamu peke yake. Virusi vyake havibadiliki kiasi cha kuikwepa chanjo: chanjo iliyopatikana Marekani mwaka 1963, kutokana na virusi vilivyopatikana Boston mwaka 1954 katika maabara ya John Enders, ndiyo mzizi wa nyingi ya chanjo tunazotumia mpaka leo. Rubela ni hivyo hivyo, tena inaambukiza kwa kasi ndogo zaidi. Tatizo letu haliko ndani ya kichupa. Liko kwenye safari ya kichupa hicho hadi kwa mtoto.

Niruhusu nikuonyeshe kichupa chenyewe, kwa sababu wazazi wengi hukilaumu kituo bila kujua kinachoendelea kwenye meza ya mchanjaji. Chanjo hii huja kama unga mkavu katika kichupa kidogo ambacho mara nyingi kina dozi 10, pamoja na kichupa kingine cha maji yake maalumu ya kuchanganyia. Vyote hutunzwa katika nyuzi joto 2 hadi 8. Unga ukishachanganywa, hesabu ya saa imeanza: baada ya saa 6, au mwisho wa kliniki, kilichobaki hutupwa, kwa kuwa hakina dawa ya kuzuia vijidudu. Sasa fikiria zahanati ndogo siku ya Jumatano. Wamekuja watoto wawili wa miezi 9. Muuguzi akifungua kichupa, dozi 8 zitamwagwa, naye atatakiwa kueleza kwenye ripoti ya mwezi. Nimekaa kwenye vituo vya namna hiyo nikiangalia. Muuguzi, mtu mwema na mchapakazi, anawaambia akina mama wale: rudini Jumatatu, watoto watakuwa wengi. Mmoja anarudi. Yule mwingine ametembea saa mbili na ana shamba la kupalilia, na mtoto wake ndiye anayeingia katika wale 150 wa hesabu yetu. Kwa maoni yangu, hili la kuogopa kumwaga chanjo limetugharimu watoto wengi kuliko uvumi wote wa mitandaoni. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unasema kichupa kifunguliwe hata kwa mtoto mmoja, na nawasihi wasimamizi wa wilaya wasimwadhibu muuguzi aliyefanya hivyo. Dozi nane zilizomwagwa ni za bei ya dola chache. Siku moja ya kumlaza mtoto mwenye nimonia ya surua ni ghali kuliko hizo.

Nimeitaja nimonia kwa makusudi, maana wazazi wa rika lako wengi hawajaiona surua yenyewe, na hilo ni zao la chanjo. Wodi niliyoanzia kazi nikiwa daktari kijana ilikuwa na chumba cha pembeni kwa ajili yake. Watoto walilala wamegeuzia uso ukutani kwa sababu mwanga uliwaumiza macho, midomo imepasuka, vidonda vimejaa kinywani hadi hawawezi kunyonya, ngozi imekuwa nyeusi na inabanduka. Walioaga dunia wengi hawakuuawa na upele. Waliuawa na nimonia na kuharisha vilivyofuata. Waliopona wengine walirudi baada ya miezi na magonjwa mengine, kwa kuwa surua hufuta sehemu ya kumbukumbu ya kinga ya mwili: utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kuwa mtoto aliyeugua aweza kupoteza kati ya asilimia 11 na 73 ya kingamwili alizokuwa nazo dhidi ya vijidudu vingine. Nakumbuka zaidi mkasi mdogo wa muuguzi, akikata ncha ya kidonge chekundu cha vitamini A na kuyakamua matone yake kinywani mwa mtoto, leo na tena kesho. Matone hayo hupunguza vifo na upofu, na kila mtoto mwenye surua anapaswa kuyapata. Wapo wazee wanaoamini kwamba mtoto wa surua hapaswi kupelekwa hospitali wala kuchomwa sindano, bali afichwe gizani mpaka upele utoke wote. Giza humpumzisha macho, hapo wana haki. Kumficha humnyima matibabu.

Sasa rubela. Umesema kweli kwamba hujasikia imeua mtu. Kwa mtoto ni homa ndogo na upele wa siku tatu, na wengine hawaoni dalili yoyote. Mtu inayemlenga hajazaliwa bado. Mwaka 1941 daktari wa macho wa Australia, Norman Gregg, aliona watoto wachanga wengi kuliko kawaida wakija na mtoto wa jicho, na alipowauliza mama zao akabaini kwamba wengi wao walipata rubela wakiwa na mimba changa. Mjamzito akiambukizwa katika wiki za mwanzo, uwezekano wa virusi kumfikia mtoto aliye tumboni unaweza kufika 90 katika 100. Mimba inaweza kutoka, au mtoto akazaliwa kiziwi, na mtoto wa jicho, na tundu la moyo, au yote matatu. Marekani, katika mlipuko wa 1964 na 1965, walizaliwa watoto wa namna hiyo wapatao 20,000.

Mimi niliielewa rubela siku nilipoletewa mtoto wa kike wa wiki sita. Bibi yake aliniambia macho yake "yana maziwa". Nilipommulika kwa tochi, mboni zote mbili zilikuwa nyeupe. Nilipiga makofi nyuma ya kichwa chake, hakushtuka. Niliposikiliza moyo, nikasikia mvumo ambao haukupaswa kuwepo. Mama yake alifikiri kwa muda mrefu, kisha akakumbuka kwamba mimba ilipokuwa ya miezi miwili alitokwa na vipele kwa siku tatu. "Hata kazini sikukosa," akasema. Alihesabu siku hizo kuwa si kitu, na hakuna aliyemweleza vinginevyo. Watoto wa aina hii wanakadiriwa kuwa takriban 32,000 duniani kila mwaka, na karibu wote wangeweza kuzaliwa wazima.

Pengine utauliza kwa nini basi nchi zetu zilichelewa kuianza chanjo hii. Kulikuwa na hofu yenye mantiki. Ukiwachanja nusu tu ya watoto, rubela hupungua lakini haiishi, na wale ambao hawakuchanjwa, badala ya kuiugua utotoni, hukua bila kinga na kuipata wakiwa na miaka 20, wakati wa kuzaa. Ugiriki ilipitia hayo: walichanja kwa miaka mingi kwa kiwango kidogo, na mwaka 1993 ukatokea mlipuko uliowaachia watoto 25 wenye ulemavu wa rubela. Kwa hiyo nchi zilitakiwa kwanza zionyeshe kwamba zinaweza kuwafikia watoto wengi, kisha zianze kwa kampeni kubwa ya watoto wote hadi miaka 14 au 15. Rwanda ilitangulia Machi 2013, Tanzania ikafuata Oktoba 2014, Kenya mwaka 2016, Burundi 2017, Uganda 2019. Kwa kuwa chanjo zote mbili zimo katika sindano moja, kila mtoto anayefikiwa kwa ajili ya surua huzuia pia mimba ya dada yake mkubwa, ya mwalimu wake au ya jirani isiharibiwe na rubela. Hiyo ndiyo sababu tunawachanja wavulana pia.

Mama, ulipouliza kama chanjo inaweza kudhuru, singependa nikufiche historia. Kisiwani Samoa, katika Bahari ya Pasifiki, mwaka 2018 watoto wachanga wawili walifariki mara baada ya kuchanjwa. Uchunguzi ulibaini kwamba wauguzi, badala ya kuchanganya unga kwa maji yake, walitumia dawa ya kulegeza misuli ya chumba cha upasuaji. Kosa lilikuwa la mikono, si la chanjo, lakini huduma ilisimamishwa, watu wakapoteza imani, na waliochanjwa dozi ya kwanza wakashuka hadi 31 katika kila 100. Mwaka uliofuata surua iliingia. Katika nchi yenye watu 200,000 tu, waliugua zaidi ya 5,700 na kufariki 83, wengi wao watoto wadogo. Mwezi Desemba 2019 serikali ilifunga ofisi na barabara kwa siku mbili, familia ambazo hazijachanjwa zikaombwa kutundika kitambaa chekundu mbele ya nyumba, na timu zikapita mlango kwa mlango mpaka zikafika 95 katika 100. Ndiyo, nataka wazazi watuulize jinsi tunavyochanganya chanjo, na nataka kila mchanjaji aweze kujibu akiwa ameshika vichupa viwili mkononi. Ila nataka pia ijulikane ni nini kilichowaua wale 83.

Karibu nasi zaidi ni Kongo. Kati ya mwaka 2018 na 2020, wakati vyombo vya habari vyote vilikuwa vikifuatilia ebola iliyoua watu wapatao 2,300 huko Kivu na Ituri, surua katika nchi hiyo hiyo iliwapata zaidi ya watu 380,000 na kuua zaidi ya 7,000. Mabasi na malori yanayovuka kutoka huko hupita Kigoma, Bujumbura na Kahama yenu, na mtoto mgonjwa asiye na upele bado hawezi kutambuliwa mpakani.

Pamoja na hayo, kazi haijaenda bure. Mwaka 2000 surua iliua watu wapatao 800,000 duniani. Mwaka 2023 waliokufa walikadiriwa kuwa 107,500, na katika kipindi hicho chanjo imeokoa maisha ya watu takriban milioni 60. Bara la Amerika lilithibitishwa kuwa limeondosha rubela mwaka 2015 na surua mwaka 2016. Kuondosha maana yake ni kwamba ugonjwa hauzunguki tena ndani ya eneo kwa miezi 12 au zaidi, ingawa unaweza kuingizwa na msafiri, na ndiyo maana hadhi hiyo hupotea: Venezuela iliipoteza 2018, Brazili 2019, na Novemba 2025 Kanada nayo ikaipoteza baada ya virusi kuzunguka humo mwaka mzima, hasa kwenye jumuiya zilizokuwa hazichanji. Mwezi huo huo, Shelisheli, Morisi na Kaboverde zilithibitishwa kuwa nchi za kwanza katika kanda ya Afrika ya Shirika la Afya Duniani kuondosha surua na rubela pamoja. Ni visiwa vyenye watu wachache, najua, na bara halitafuata kwa urahisi; kanda yetu ilijiwekea lengo la kuondosha surua ifikapo 2020, nalo halikufikiwa. Lakini hali ya hewa ya Shelisheli ni ya joto kama ya Pwani yetu, na chanjo wanayotumia haina siri ambayo sisi hatuijui.

Ninachokingojea kwa hamu ni kile kilichoimaliza sotoka, yaani chanjo isiyomtegemea mtaalamu wa sindano. Gambia wamejaribu kibandiko kidogo chenye ncha ndogo mno, ambacho hubandikwa mkononi mwa mtoto kwa dakika chache, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2024 yalionyesha kwamba dozi moja iliwakinga zaidi ya 9 katika kila watoto wachanga 10 dhidi ya surua, na wote dhidi ya rubela. Hakihitaji kuchanganywa, wala hakuna dozi nane za kumwaga. Majaribio makubwa zaidi bado yanahitajika, na mtoto wa mdogo wako hawezi kuyasubiri.

Kwa hiyo nimalizie kwake, maana tangu niliposoma barua yako nimekuwa nikimfikiria yeye kuliko mwanao. Hajapitiliza umri. Aliyemwambia mama yake hivyo alikosea. Chanjo ya surua na rubela haina mlango unaofungwa baada ya miezi 9; mtoto aliyeikosa huipata siku yoyote atakayofika, na ya pili huipata baada ya wiki 4 au zaidi, ambayo kwake inaweza kuwa ile ya miezi 18. Kikohozi chepesi, mafua au homa ndogo si sababu ya kumrudisha nyumbani. Kwa kuwa kadi imepotea na hakuna kumbukumbu, ahesabiwe kama hajachanjwa, afunguliwe kadi mpya, na aulizwe pia chanjo nyingine alizokosa, kwa kuwa kadhaa kati ya hizo bado anaweza kuzipata katika umri huo.

Nakuomba umsindikize. Mama mdogo anayeogopa kugombezwa husimama vizuri zaidi akiwa na dada yake. Nendeni asubuhi mapema, na kabla hamjakaa muulizeni muuguzi kama kichupa cha surua na rubela kitafunguliwa leo. Akisema watoto ni wachache, mwambie kwa upole kwamba huyu ana miezi 14, hajapata hata moja, na mmesikia kwamba inaruhusiwa kufungua kwa mtoto mmoja. Ikishindikana, msiondoke hadi tarehe ya kurudi iandikwe kwenye kadi mpya, na siku hiyo mpitie kwa majirani mkawachukue wengine wasio na kadi, ili muuguzi akute watoto watano wamekaa kwenye benchi lake.